Siku Sitini za Mgongo Wangu

Mwanangu Somoe,

Sisi tuliojifunza kuandika barua zamani tulianza kwa kusema, mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Leo bado hujawa mbali. Uko Temeke kwa shangazi yako Mwajuma unaaga, na kabla ya magharibi utakuwa umerudi nyumbani unatafuta kamba ya kufungia begi. Ila mimi mwenyewe si mzima sana. Nimekaa karakana peke yangu, Gerezani yote imefungwa kwa kuwa ni Jumapili, na karatasi hizi nimezichana kwenye daftari la oda. Ukiona huku nyuma pameandikwa "puli mbili za mkanda", usihangaike napo.

Habari za sweta, za kula ovyo njiani na za kutompa mtu usiyemjua begi akushikie, sitaziandika. Shangazi yako atakuwa amezimaliza zote, na alizosahau atakupigia simu ukiwa ndani ya basi. Mimi nina jambo moja, nalo limenishinda kulisema kwa mdomo. Mdomo wangu unajua vipimo na kukataa kazi za haraka. Mengine haujui, na wewe umeishi nao miaka ishirini na mbili, kwa hiyo sikupi habari mpya.

Mchana uliniachia bahasha ya kaki. Ukasema, "Baba, nitolee kopi mbili mbili za vyeti, na kile kitabu cha field pia. Mama Sanga anataka kukiona chote nikifika kazini kwake Makambako." Nikaenda pale steshenari karibu na Msimbazi. Binti anayetoa kopi akapokea kitabu chako cha field, kile ulichojaza kila siku ya mazoezi yako ya kazi, akaniuliza, "Mzee, nitoe chote au kurasa zenye muhuri tu?"

"Kwani watu huwa wanatoa zipi?"

"Zenye muhuri tu. Hizo nyingine nani anasoma?"

Nikamwambia basi atoe zenye muhuri. Akaanza kufunua kuitafuta mihuri yangu. Nikamwona anatabasamu, kisha akacheka kabisa mpaka akaziba mdomo. "Mzee, huyu mwanafunzi ana vituko! Kila siku ameona mgongo."

"Mgongo gani?"

"Wa fundi wake. Hebu ona hapa. Na hapa. Huyu fundi naye sijui alikuwa anaficha nini, jamani."

Hakujua anaongea na nani. Nikalipa kopi za vyeti, nikachukua kitabu bila kukitolea kopi, nikarudi huku karakana badala ya kwenda nyumbani. Nimekisoma chote, Somoe. Siku sitini. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukisoma, ingawa kina mihuri yangu yote, na kila wiki nimeandika kwa mkono wangu: "Mwanafunzi amefundishwa vizuri. Ni mtiifu." Wiki zote maneno ni yale yale, hata nukta ziko palepale.

Mwandiko wako unalalia kushoto kama wa mama yako. Siku ya nne umeandika: "Nimefagia machicha ya chuma. Fundi alikuwa anakata nyuzi za shafti ya mashine ya kusaga. Nimeona mgongo wake." Siku ya kumi na moja: "Mgongo. Shati la bluu limefumuka bega la kushoto. Nitalishona." Siku ya ishirini na saba: "Amekohoa sana leo. Nilitaka kumpa maji, lakini alikuwa anapanga giya, nikaogopa kusogea." Na siku ya hamsini na nane: "Nimeuliza ni giya zipi. Fundi amesema utajua."

Lile shati nililikuta kwenye msumari limeshonwa. Nakumbuka nililivaa, nikaona bega liko sawa, nikaendelea na kazi. Sikuuliza nani kashona. Nilidhani nini, kwamba limejishona?

Ukurasa wa siku ya sitini nimeusoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote. "Leo ni mwisho. Wenzangu waliokwenda karakana nyingine wanasema ufundi unaibwa kwa macho. Najua inawezekana. Lakini mimi siwezi kuiba nyumbani kwetu." Chini yake kuna muhuri wangu, na chini ya muhuri wangu kuna wa chuo: "Imekaguliwa."

Ngoja nikueleze mgongo huo ulikotoka. Si kwa kujitetea, maana nimeshachelewa kujitetea.

Nilipokuja hapa mjini kutoka Newala nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikapokelewa na Mzee Awadhi. Alikuwa Mwarabu wa Kariakoo aliyeacha duka la vitambaa la baba yake akanunua mashine ya kukereza vyuma, na ndugu zake wakamwona kama amechanganyikiwa. Mtu mwema, alinipa pa kulala. Lakini ikifika kukata nyuzi, yaani kuchora ile mizunguko kwenye chuma ili nati ipande na ishike, alikuwa anageuka ananipa mgongo. Kila aina ya nyuzi ina giya zake za kupanga ubavuni mwa mashine, na mpangilio huo ndio ulikuwa siri ya mafundi wote wa Gerezani. Anayeujua ni fundi. Asiyeujua ni mfagiaji.

Mimi niliiba. Kila Alhamisi nilikuwa naosha giya kwa mafuta ya taa, nahesabu meno yake kwa ukucha, naweka alama kwa msumari ubavuni mwa ndoo. Ilinichukua mwaka na zaidi. Siku nilipokata nyuzi zangu za kwanza, nati ikapanda laini mpaka mwisho, Mzee Awadhi akaja akaizungusha kwa kidole. Akaniuliza, "Umeiba?" Nikamjibu, "Nimeiba, mzee." Akasema, "Basi sasa ni yako."

Sijawahi kufurahi kama siku ile. Ubaya wake ndio huo. Nilifurahi kiasi kwamba nikaamini hiyo ndiyo njia, na kwamba asiyeiba hastahili. Nilipoipata mashine yangu mwenyewe, hii unayoijua, ilikuja na kibao kidogo cha shaba kimefungwa kwa skrubu nne pale mbele, na giya zote zimeandikwa juu yake, nyuzi gani kwa giya gani. Waliotengeneza mashine hawakuwa na siri na mtu. Mimi nikachukua bisibisi nikakifungua siku ya kwanza ile ile.

Unayakumbuka yale matundu manne. Ulikuwa mdogo, unapenda kuyatia kidole. Ukaniuliza, "Baba, hapa palikuwa na nini?" Nikakwambia palikuwa na jina la kiwanda. Umeishi na uongo huo tangu hujajua kusoma vizuri, na kibao chenyewe kilikuwa kwenye kopo la misumari, juu ya kabati la hapa karakana unalolifungua kila siku kutoa sukari.

Mama yako alikiona. Alikuwa anatafuta msumari wa kutundikia kalenda. Hakusema kitu siku hiyo. Alisema siku ya kuondoka. Wewe ulikuwa darasa la tatu, na mimi nilikwambia amekwenda Lindi kumuuguza bibi yako, mpaka ukakua ukajua mwenyewe kwamba bibi alishapona zamani. Alisimama pale mlangoni na begi lake akasema, "Athumani, nimeishi na mgongo wako miaka kumi. Uso wako wanaujua wateja."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwuliza, "Chai iko wapi?" Si kwamba nilikuwa na kiu. Neno lingine halikuja. Akaonyesha chupa kwa mkono, akatoka. Ilikuwa imejaa, ameipika kabla ya kufunga begi. Nimekaa na hasira na mama yako miaka mingi, na leo, baada ya binti wa kopi kucheka, ndipo nimeona kwamba yeye na wewe mmeandika kitu kimoja.

Kuna Denis pia. Wewe hukumkuta, alimaliza field yake mwaka mmoja kabla yako. Mwalimu Ngonyani ndiye aliyemleta. Unamjua Mwalimu Ngonyani darasani, lakini hukumwona alipokuja Gerezani mara ya kwanza na mkataba wake mkononi, viatu vyeupe, akipita karakana moja baada ya nyingine mpaka viatu vikawa vyeusi. Alituambia, "Chuo kina mashine moja kwa wanafunzi thelathini. Wanajua kila kitu kwa kuchora. Nyie mna kazi za kweli na wateja wanasubiri. Tuwaletee mikono yetu, na nyie njooni mtumie vifaa vyetu vya kupimia mnavyovikosa." Wengi walimcheka. Mimi nikatia sahihi, na nikajiona mjanja. Nilifikiri nimepata vibarua wa bure.

Vifaa vyao vya kupimia nilivitumia, tena sana. Walinipokea kwa heshima, nikapewa kiti. Upande wangu wa mkataba nikautimiza kwa muhuri. Denis alifagia, alifuata chai, alishika tochi, na kila nilipogusa giya alijikuta anatazama mgongo. Siku sitini zikaisha nikamtilia alama ya vema kila kisanduku kwenye ile fomu ya mwisho. Kukereza, vema. Kutoboa, vema. Kukata nyuzi, vema. Nikagonga.

Akapata kazi Buguruni. Siku ya pili akapewa shafti akate nyuzi, akaiharibu, wakamwambia aende zake. Akaja hapa. "Shikamoo, fundi." Nikaitikia marahaba huku naendelea na kazi. Akasema, "Fundi, muhuri ulinigongea. Lakini hukunifundisha."

Nikamwambia, "Ufundi unaibwa kwa macho, dogo. Wewe ulikuwa unaangalia wapi?"

"Nilikuwa natafuta pa kusimama, fundi. Kila niliposimama ulihama."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Sasa anauza kava za simu Mtaa wa Kongo. Akiniona anasimama na kunisalimia kwa adabu, kwa hiyo mimi nimeacha kupita Kongo. Nazunguka kule kwenye mikokoteni, nasukumwa na magunia ya dagaa, ilimradi nisisalimiwe. Ulikuwa unaniuliza kwa nini nachelewa kurudi kutoka sokoni. Ndiyo hiyo sababu.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hawakusema lolote juu ya anayekaa siku sitini nyuma ya babaye asifunzwe.

Ulipochagua kufanya field kwangu nilijigamba mtaa mzima. Niliwanunulia majirani soda. Nilisema binti yangu amekataa karakana zote amekuja ya baba yake. Na nakuapia, asubuhi ile ya kwanza nilikuwa na nia ya kukufundisha. Lakini mkono ulipokwenda kwenye giya, mgongo ukageuka wenyewe. Nikasema kesho. Kesho ukageuka tena. Niliwaza ni mazoea tu ya mwili, kama mtu anavyoingia nyumbani akavua viatu bila kufikiri.

Leo nimejiuliza tena, na nimepata jibu jingine, na ndilo ninaloona haya kuliandika. Denis nilimficha kwa sababu ya wateja. Wewe nilikuficha kwa sababu ukijua kukata nyuzi ungeweza kwenda popote. Usipojua, ungebaki pale mlangoni unapokea oda, unajibu simu, unaniuliza nitakula nini. Nilitaka ubaki, Somoe. Sikujua namna ya kumwambia mtu abaki. Mama yako nilimwuliza chai iko wapi, wewe nikakuficha giya. Na tazama sasa. Hukujua, na bado unaondoka. Nimekunyima ujuzi na sikukupata wewe.

Wiki mbili zilizopita Mama Sanga alipopiga simu kutoka Makambako, uliweka sauti kubwa ili na mimi nisikie. Akasema, "Nimeona picha ya fomu yako. Kukata nyuzi unaweza. Wewe ndiye ninayekutafuta, kiwanda changu ni kidogo na fundi wangu wa nyuzi kazeeka." Ulinitazama. Simu ilipokatika ukasema taratibu, "Baba, anataka mtu wa kukata nyuzi." Nikakujibu, "Utajulia huko huko."

Huko huko ni wapi? Ni kwa mama asiyekujua, ambaye ameamini vema niliyoitia mimi. Anatengeneza shafti za mashine za kusaga. Nyuzi zikikosewa kidogo tu nati inapanda vizuri, unafurahi, halafu mashine ikianza kutikisika inajifungua yenyewe, na aliyesimama karibu ni mama na debe lake la mahindi. Ulijua hayo. Ndiyo maana siku hizi unalala ukigeukia ukutani, na mimi nikajifanya nadhani ni furaha ya safari.

Kwa hiyo leo nimefanya mambo mawili matatu kabla hujarudi.

Kwanza nimempigia Mwalimu Ngonyani. Alishtuka. "Fundi Athumani! Jumapili, kuna nini?"

"Mwalimu, kitabu cha Somoe ulikisoma?"

"Niliona muhuri wako, fundi."

"Na mimi niligonga nikijua wewe utasoma."

Nilisikia watoto wake wanacheza. Akasema, "Kwa hiyo hakuna aliyesoma."

"Yupo. Binti wa kutoa kopi."

Alicheka, kisha hakucheka tena. Akaniambia ana vitabu vingi mezani, vyote vina mihuri mizuri, na sasa anaogopa kuvifungua. Nikamwambia aje Jumatano navyo, akae hapa kwenye benchi letu, na kila kitabu tukisome mbele ya mwanafunzi mwenyewe, mimi na yeye, kabla mtu hajagusa wino. Amekubali. Lakini kuvisoma ni kazi ya mezani, na Denis hayumo kwenye vitabu hivyo. Kesho nikitoka stendi nitapita Mtaa wa Kongo. Sijui nitamwambia nini. Labda nitaanza mimi kumsalimia.

Jambo la pili, nimekitoa kibao kwenye kopo la misumari. Nimekisugua kwa majivu na ndimu mpaka namba zimesomeka, nikakirudisha kwenye matundu yake manne. Skrubu moja ilipotea, nimekereza nyingine. Unajua ukubwa wa kibao chenyewe? Hakizidi kiganja changu. Nimekaa nikakitazama. Siri iliyonichukua mwaka na zaidi kuiba, nikaitunza mpaka nikabaki mimi na mashine, inatosha kwenye kiganja.

Mashine ya Mama Sanga si kama hii, kwa hiyo kukunakilia namba hakutakusaidia, na kukufundisha nyuzi kwa barua ni kumfundisha mtu kuogelea kwa simu. Ujue tu kwamba si uchawi. Kuna mtu aliandika giya zote na kuzibandika mbele ya mashine ili kila mwenye macho azione. Huko ukikuta kibao, kisome. Usipokikuta, uliza kilipo.

La tatu ndilo gumu. Ndani ya kitabu chako, kwenye ile fomu ya mwisho, nimeweka bahasha nyingine ndogo. Ni barua ya Mama Sanga. Nimemwandikia kwamba vema ya kukata nyuzi niliitia mimi na si kweli. Kwamba kosa si lako. Na kwamba wewe unaona mambo ambayo mafundi wengi hatuyaoni, na akikuonyesha mara moja hatakuonyesha mara mbili. Sikuifunga kwa gundi. Sikufuta kile kisanduku kwenye fomu, ingawa kalamu nilikuwa nayo mkononi, kwa sababu ningekuwa nimeamua tena nyuma yako. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maradhi haya ni yangu, na kazi inayoweza kupotea ni yako. Ukimpa barua, mpe siku ya kwanza, kabla hajakuwekea chuma mkononi. Ukiona hapana, ichane. Sitakuuliza. Akikurudisha, unajua njia ya Gerezani, na sasa mashine ina kibao chake.

Kwenye ile simu Mama Sanga alisema pia kwamba chuo cha jirani humletea wanafunzi kila mwaka. Siku moja utasimama wewe kwenye mashine, na mtoto wa mtu atasimama nyuma yako na kitabu chake cha field. Sina la kukufundisha hapo. Nakuomba tu ujisikilize mgongo. Huwa unaanza kugeuka kabla mwenyewe hujajua.

Sasa ni saa kumi na moja. Jua limefika kwenye benchi, pale ulipokuwa unakaa kuandika. Nimekaa hapo leo kwa mara ya kwanza ili nione ulichokuwa unakiona. Kutoka hapo mashine haionekani kabisa. Kinachoonekana ni mahali pangu pa kusimama, na leo hapana mtu. Nimeogopa, mwanangu. Kesho nitafungua mlango huu na hakutakuwa na wa kuniuliza nitakula nini. Ungekuwepo ukaniuliza sasa hivi ningekujibu vizuri, si kwa kunyanyua bega.

Nakupenda. Nimeliandika haraka ili lisinikimbie.

Kesho alfajiri stendi huenda nisiseme lolote. Nitakubebea begi, nitagombana na kondakta kuhusu mahali pa kuliweka, nitakwambia dirisha lifunge. Lakini basi likiondoka, angalia nyuma. Nitakuwa nimesimama nimekuelekea, na sitageuka mpaka lipotee.

Ukifungua begi utakuta kwenye soksi zako za sufi kitu kigumu, kimefungwa kwenye kipande cha lile shati la bluu, kipande cha bega la kushoto. Usiogope, si kipuri. Nimefikiri sana nikaona mimi sifai kukaa nacho kwa sasa. Risiti za wateja nitatia sahihi kwa mkono, wakilalamika walalamike. Utanirudishia siku utakapokuja likizo, ukasimama kwenye mashine hii, ukakata nyuzi mwenyewe, na mimi nikiwa nimekaa kwenye benchi nautazama mgongo wako.

Kwa hiyo usitafute muhuri chini ya jina langu. Barua hii ilibidi uisome.

Ni mimi baba yako,
Athumani